Nje ya Turubai

Kila jioni, akishavua sare za shule, Theopista alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yao katika mtaa wa Shanwe, akaweka ungo mapajani na kuanza kuchambua mchele. Mchele wenyewe ulikuwa na mchanga mwingi kuliko ule wa dukani. Mama yake, Specioza, ambaye mtaani walimwita Mama Theo, aliupata kwa jasho lake. Kila msimu wa mavuno alikwenda kijiji cha Mamba kufanya kibarua cha kukata na kupiga mpunga kwenye mashamba ya watu. Vibarua walitandika turubai kubwa, wakaipiga miganda kwa fimbo mpaka punje zikaachia mabua. Punje zilizobaki juu ya turubai zilikuwa za mwenye shamba. Zilizoruka nje zikachanganyika na vumbi, vibarua walizifagia na kwenda nazo nyumbani. Ndivyo walivyozoea huko, na hakuna aliyegombana na mtu kwa hilo.

Basi Theopista alichambua mchanga kwa vidole, na mdomo nao ukawa na kazi yake.

"Nisamehe, Mzee Lusambo. Njaa ilinipofusha macho. Sitaiba tena."

Kila akifika hapo alisukuma ungo pembeni, akapiga goti kwenye vumbi na kuinua mikono juu. Kuku walimtazama kidogo, wakaenda zao.

"Piga goti jingine, na hiyo sketi utaifua mwenyewe," mama yake alimwambia kutoka jikoni.

"Ni mazoezi, mama."

"Kwani unacheza nani?"

"Siku yenyewe utaona."

Theopista alikuwa mtoto asiyejua kutulia. Akikaa, mguu ulicheza. Akisimama, alizunguka. Walimu wengi walimkemea kwa tabia hiyo, lakini Mwalimu Evarist aliipenda, akasema jukwaa linataka mtu wa namna hiyo. Ndiye aliyeandika mchezo wa kuigiza wa Siku ya Wazazi, ukaitwa *Mavuno ya Mzee Lusambo*. Kisa chake kilikuwa chepesi: mkulima tajiri anamkamata kibarua mwanamke na mpunga kwenye kanga, kibarua anapiga goti na kutubu, tajiri anamsamehe, na wote wanaimba. Theopista ndiye aliyekuwa kibarua huyo. Katika kidato cha pili chote hakuna msichana aliyepewa nafasi kubwa kuliko yeye, na Mama Theo alikwisha kuwatangazia majirani wa kila upande kwamba siku hiyo atakaa benchi la mbele.

Wiki ile ile, Madam Scolastica aliingia darasani kwa kipindi cha fasihi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole, lakini sauti hiyo ilifika hadi dawati la mwisho.

"Huu mchezo mnaoufanyia mazoezi," alisema, "ni nani aliyeusoma?"

Mikono yote ikapaa.

"Mmeukariri," alisema akicheka. "Kusoma ni kazi nyingine."

Akawaeleza kwamba kuna namna ya kuhakiki kazi za fasihi inayoitwa uhakiki wa Kimaksi. Wangekutana nayo vizuri zaidi katika madarasa ya juu, lakini maswali yake hata wao wangeweza kuyauliza. Katika mchezo huu, mali ni ya nani? Kazi anafanya nani? Mazao yanaishia kwa nani? Na nani anapewa nafasi ya kusema, nani ananyamazishwa?

"Mhakiki wa namna hii anajua kwamba hadithi huandikwa na mtu, na mtu huyo ana mahali pake katika jamii," Madam Scolastica aliendelea. "Kuna wenye mashamba, na kuna wanaouza nguvu zao kwenye mashamba hayo. Hayo ni matabaka mawili. Mwandishi anawatazama watu kutoka mahali alipokaa, wakati mwingine bila yeye mwenyewe kujua. Sasa someni, mniambie mchezo huu umekaa upande gani."

Manyanda akainua mkono. Alikuwa kijana mrefu, mtoto wa wafugaji Wasukuma waliohamia Katavi na ng'ombe wao, na ndiye aliyeigiza Mzee Lusambo.

"Madam, kwa hiyo tajiri lazima awe mbaya?"

"Hapana, Manyanda. Ukiwa na jibu kabla ya kusoma, hujahakiki, umetukana tu. Uliza kwanza, tafuta ushahidi kwenye maandishi, halafu ndiyo ujibu."

Jioni ile Theopista aliweka karatasi za mchezo kando ya ungo. Mwanzoni alicheka peke yake. Mzee Lusambo alikuwa na mbwa, na mbwa huyo alikuwa na jina: Jeki. Mkewe alikuwa na jina. Hata shamba lilikuwa na jina. Mwanamke aliyepiga mpunga tangu mwanzo wa mchezo hadi mwisho aliandikwa "Kibarua" tu.

"Mbwa ana jina, mimi sina," alimwambia kuku mmoja.

Akaendelea na maswali ya Madam. Nani anafanya kazi? Kibarua. Mazao yanaishia kwa nani? Kwenye ghala la Lusambo. Nani anasema? Lusambo, na akianza hamalizi. Kibarua anasema "Ndiyo, Mzee" onyesho zima la kwanza na la pili, na akipata nafasi ya kusema maneno marefu kidogo, maneno yenyewe ni ya kuomba msamaha. Theopista akaacha kucheka. Alirudi onyesho la kwanza kutazama vizuri, akakutana na maneno ambayo Manyanda aliyatamka kila siku kwenye mazoezi, naye akayasikia bila kuyasikia.

"Pigeni upesi, nyie vibarua. Zitakazoruka nje ya turubai ni zenu."

Akafungua onyesho la tatu, pale anapokamatwa. Maelezo ya jukwaa yalisema hivi: *Kibarua anafagia nyuma ya turubai, anafunga mpunga kwenye pindo la kanga.*

Nyuma ya turubai. Haikuandikwa "juu ya turubai". Theopista alisoma tena kwa kidole, neno kwa neno, na mguu wake uliokuwa ukicheza ukasimama. Mwanamke yule hakuiba chochote. Alichukua kile alichoahidiwa, na mwenye kuahidi ndiye aliyemwita mwizi.

Kisha akautazama mchele mapajani mwake, na hapo ndipo moyo ulipomlipuka. Mtaa mzima ulijua mchele wa kwao unatoka wapi. Siku ya Wazazi mama yake angekaa mbele kabisa, kanga mpya mabegani, majirani kulia na kushoto, amtazame binti yake akipiga goti na kuomba radhi kwa sababu ya kufagia. Theopista aliona aibu, tena aibu kali, na iliyomuuma zaidi ni kwamba mama yake hakuwa na habari yoyote.

Mtu angedhani msichana mwenye ushahidi wa namna hiyo angekwenda moja kwa moja kwa mwalimu. Hakwenda. Mchezo ulikuwa wa Mwalimu Evarist, ameuandika kwa mkono wake, na wanafunzi wote walimpenda. Mtoto wa kidato cha pili aanzie wapi kumwambia mwalimu wake kwamba amekosea? Usiku kucha aligeuka kitandani, na asubuhi akaamka na hila.

"Sauti imekauka," alimnong'oneza Mwalimu Evarist, huku ameshika koo.

Mwalimu alimtazama kwa huruma. "Pole sana, Theo. Tangu lini?"

"Jana," alinong'ona.

"Basi pumzika. Suzana anayajua maneno yako, atashika nafasi yako. Ukipona mapema tutaona."

Uongo ule ulipokelewa kirahisi mno, na ndiyo shida ya uongo unaopokelewa kirahisi: unakulazimu kuishi nao. Theopista alinong'ona darasani, akanong'ona kwenye foleni ya uji, akanong'ona hadi nyumbani. Mama Theo aliposikia, hakuuliza mara mbili. Alikwenda kwa jirani kuomba asali nzuri ya msitu, akaichemsha pamoja na limau, tangawizi na pilipili manga, akajaza chupa ya chai nzima.

"Kunywa ikiwa ya moto. Siku ya Wazazi hiyo, imekaribia. Nitakaaje benchi la mbele mwanangu akiwa bubu?"

Theopista alikunywa. Dawa ilimchoma koo zima lisilo na ugonjwa wowote, akatoa machozi. Mama yake akampigapiga mgongoni kwa upole, na huo upole ulimchoma kuliko tangawizi.

Siku iliyofuata alikaa pembeni ya uwanja akitazama mazoezi. Suzana, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alipenda kuchekesha watu. Ilipofika zamu ya kufagia, alijaza mpunga kwenye kanga, akajaza kifuani, akajaza hata viatuni. Alinyata huku amechutama, macho yamemtoka pima. Manyanda alipomkamata, Suzana alijitupa chini akalia kama mbuzi, na darasa zima likacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mwalimu Evarist naye alicheka.

"Vizuri sana, Suzana. Siku yenyewe fanya hivyo hivyo."

Theopista alisimama, akakaa, akasimama tena. Alikuwa amedhani akijitoa yeye, mama yake ataepuka kuiona aibu ile. Kumbe goti lingepigwa vilevile, ila na mtu mwingine, na safari hii watu wangecheka. Alichofanikiwa kukinyamazisha kwa uongo wake ni mdomo mmoja tu uliojua ukweli, nao ulikuwa wake.

Hakwenda nyumbani kwa mwendo wa kawaida. Alikimbia.

Mama Theo alikuwa anapepeta. Aliposikia hatua, alinyoosha mkono kuchukua chupa ya dawa.

"Mama, siumwi," Theopista alisema kwa sauti yake yote. "Sauti ninayo. Niliwadanganya."

Mama yake aliweka ungo chini polepole. Theopista akayamwaga yote: kibarua asiye na jina, turubai, goti, Suzana na mpunga viatuni. Alipomaliza alikuwa analia, na safari hii hapakuwa na tangawizi ya kusingizia.

"Umemaliza?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Nianze na la uongo. Nimetoka kwenda kuomba asali kwa watu, nikawaambia mwanangu anaumwa. Wameniombea na dua. Umenifanya niseme uongo na mimi sijui. Hilo limeniuma, Theo, na sitalificha."

Theopista aliinamisha kichwa.

"La pili. Mimi ninafagia nje ya turubai, ni kweli, na mwenye shamba ananiona, na wakati mwingine ananishikia kiroba nikifunga. Sijawahi kumpigia mtu goti kwa hilo. Sasa wewe ulitaka kunificha nini? Kazi yangu?"

"Nilitaka watu wasikuone mwizi."

"Basi hao watu ungewaambia mimi si mwizi. Ungewaambiaje huku unanong'ona?" Mama Theo akachukua ungo wake tena. "Kesho nenda kawaeleze walimu wako. Ongea kwa adabu, lakini ongea."

Asubuhi Theopista alisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, karatasi za mchezo mkononi. Madam Scolastica na Mwalimu Evarist walikuwa mezani.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba. Kumbe sauti imerudi," alisema Mwalimu Evarist kwa furaha.

"Haikuondoka, mwalimu. Nilidanganya. Naomba mnisamehe. Nilidanganya kwa sababu niliusoma mchezo kwa maswali ya Madam, nikaona Kibarua si mwizi, nikaogopa kusema."

Furaha ikamtoka mwalimu usoni. "Si mwizi namna gani? Anakamatwa na mpunga wa mtu. Mchezo unafundisha watoto wasiibe, ndiyo maana nimeuandika."

Theopista alimtazama Madam Scolastica, akitumaini atasaidiwa. Madam hakumsaidia. Alisema tu, "Mwonyeshe kwenye maandishi."

Akafungua onyesho la kwanza akasoma maneno ya Lusambo. Akafungua la tatu akasoma maelezo ya jukwaa. Sauti ilimtetemeka mwanzoni, kisha ikatulia.

"Amefagia nyuma ya turubai, mwalimu. Zilikuwa zake. Ila mchezo haumpi nafasi ya kusema hivyo. Unampa nafasi ya kutubu tu. Na mbwa ana jina, yeye hana."

Mwalimu Evarist alizichukua karatasi. Alisoma huku, akasoma kule, akarudi mwanzo. Kwa muda alionekana mtu anayetaka kukasirika lakini hajui amkasirikie nani.

"Maneno haya ya turubai," alisema mwishowe, "baba yangu alikuwa akiyasema. Tulikuwa na mashamba ya mpunga Mamba. Nilikuwa mtoto, nimekaa kivulini na chai yangu, nawasikia vibarua wakipiga. Nimeyaandika kama nilivyoyasikia, bila kujiuliza kwa wale waliokuwa wakifagia yalikuwa na maana gani." Akazikunja karatasi. "Nimekulia upande wa pili wa turubai, Theopista. Sikuwaona vizuri."

Madam Scolastica akaingilia kati.

"Hivyo ndivyo uhakiki unavyosaidia. Hakuna anayesema Mwalimu Evarist ni mtu mbaya. Tunasema mchezo wake umemtazama kibarua kutoka mbali."

"Mchezo nitaurekebisha leo hii," alisema Mwalimu Evarist. "Lakini kuna jambo moja. Ulitudanganya, na Suzana amefanya kazi yako. Sitamnyang'anya nafasi sasa."

Ilimuuma. Theopista aliitaka nafasi ile kwa moyo wote, lakini aliona ni haki.

"Nitaongeza kibarua wa pili," mwalimu aliendelea. "Atakuwa na sentensi moja tu. Utaisema wewe."

Siku ya Wazazi uwanja ulijaa. Mama Theo alikaa benchi la mbele, kanga mpya mabegani, na nyuma yake walikaa wanawake kadhaa aliozoea kwenda nao mavunoni. Onyesho la kwanza Manyanda aliingia na fimbo na tumbo la mto wa kulalia, akapaza sauti: "Pigeni upesi, nyie vibarua. Zitakazoruka nje ya turubai ni zenu." Vibarua wakapiga mpunga mpaka vumbi likawafikia wageni wa heshima. Theopista alipiga pamoja nao, akiwa mwisho wa mstari. Miguu yake ilitaka kucheza, akaibana.

Onyesho la tatu, Suzana alifagia. Hakunyata safari hii, wala hakujaza kitu viatuni. Alifagia kama mtu anayefanya kazi, akafunga pindo la kanga, naye sasa aliitwa Nyamizi, jina walilolichagua wenyewe darasani. Manyanda akamrukia na kumshika mkono.

"Mwizi wewe. Piga goti."

Suzana alianza kukunja magoti, kama walivyopanga, na Theopista akatoka mwisho wa mstari, akaja akasimama kati yao.

"Mzee, ulisema mwenyewe kwamba zitakazoruka nje ya turubai ni zetu."

Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake, na ilikuwa imekwisha. Ilimpasa Manyanda ajibu. Lakini Manyanda alikawia, labda amesahau, labda ameyatazama mabenchi akaogopa, na katika ukimya huo mtu mmoja akasimama benchi la mbele.

"Alisema," Mama Theo aliwaambia watu wote. "Tumemsikia."

"Alisema," mwanamke wa nyuma yake akaitikia.

"Tulikuwepo. Alisema," akadakia mwingine.

Wakaitikia mabenchi mazima ya wanawake, na wanaume baadhi yao, mpaka Manyanda akaangalia huku na huku kama Lusambo wa kweli aliyebanwa. Akaachia mkono wa Suzana. Maneno aliyoandikiwa yalikuwa mengi, lakini alisema mawili tu, nayo hayakuwa yameandikwa popote.

"Nilisema, kweli."

Suzana alinyoosha magoti yake kabla hayajagusa chini, na makofi yakapigwa muda mrefu. Theopista alimtafuta mama yake kwa macho. Alikuwa bado amesimama, anajifuta uso kwa pindo la kanga, wala hajali nani anamwona.

Baada ya wageni kuondoka, Madam Scolastica aliwakusanya waigizaji.

"Mmeona leo maana ya kusoma," aliwaambia. "Ukisoma, uliza nani anafanya kazi, nani anafaidi na nani hajapewa nafasi ya kusema. Ukiona kosa, kuwa na ushahidi mkononi, kisha liseme waziwazi na kwa adabu. Theopista aliona kosa mapema, lakini alianza kwa kulikimbia kwa uongo, na uongo ule nusura uwape watu nafasi ya kumcheka mtu asiye na hatia. Ukweli aliousema ofisini ndio uliorekebisha mchezo. Mkumbuke hivyo mkiwa hapa, na mkiwa watu wazima."

Jioni ile walikula wali. Theopista alitafuna, punje ya mchanga ikalia kati ya meno yake, akaitoa kwa kidole. Alikuwa amepanua mdomo kuanza kusimulia yote upya tangu mwanzo, mguu ukicheza chini ya kigoda, mama yake alipoweka mbele yake ile chupa ya chai.

"Imebaki nusu," alisema Mama Theo. "Asali ya watu haimwagwi."

"Lakini mama, mimi siumwi."

"Najua. Kunywa."

Theopista akanywa, tangawizi ikamchoma, na mama yake akacheka mpaka akaweka sahani chini.